Mafuta Yakimwagika Kwenye Zulia, Mshahara wa Dada Unaingiaje?

Nimekuwa kimya wiki hizi mbili, mnajua wenyewe mambo ya tesiti, moja haijaisha wameshabandika ratiba ya nyingine. Leo nina jambo ambalo wengine mtaliona dogo, la jikoni jikoni, lakini mimi limenikaa kichwani tangu nilipotoka likizo Musoma. Jambo lenyewe ni hili: mafuta ya kula yakimwagika kwenye zulia, na siongelei tone la chipsi, naongelea dumu limelala chali na mafuta yametembea mpaka chini ya kochi, nani analipa? Na kabla hatujafika kwa nani analipa, kuna mtu aliyejaribu kuyatoa?

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiye na muda aendelee na assignment zake. Mafuta yanatoka. Hayatoki yote siku ya kwanza, ila yanatoka, tena kwa vitu ambavyo vipo nyumbani au kwa seremala wa jirani. Na kwa kuwa yanatoka, mwenye nyumba anayemkata dada wa kazi bei ya zulia jipya anamdhulumu. Nitaeleza vyote viwili, maana naona haviachani.

Kwanza tuulizane, dumu la mafuta linatafuta nini sebuleni? Mtu asiyejua maisha yetu atashangaa. Jibu ni bei. Mwaka 2021 na 2022 mnakumbuka ilivyokuwa, mafuta yalipaa mpaka watu wakarudi kuchemsha. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vikabana alizeti ya dunia, halafu Aprili 28 mwaka huo huo Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke nje mpaka Mei 23, na sisi zaidi ya nusu ya mafuta tuliyokuwa tunakula yalikuwa yanatoka nje. Tangu hapo nyumba nyingi nilizopita mafuta yalihama jikoni. Jiko la nje wanatumia wapangaji wanne, ukiacha dumu lako pale unakuta limeshuka vidole viwili na kila mtu anakuangalia usoni bila kupepesa. Basi linaletwa ndani, linawekwa pembeni ya kabati la televisheni, na mwenye nyumba anachora mstari wa kalamu pale mafuta yalipoishia. Sisi wa mageto ndo usiseme kabisa, chumba kimoja ndo jiko, ndo maktaba, ndo chumba cha kulala, mtungi wa gesi umekaa mguuni mwa kitanda na kapeti la manyoya limeanzia hapo hapo. Dumu likianguka, linaangukia kwenye zulia. Ni suala la lini tu.

Sasa nyumba niliyofikia Musoma, upande wa Nyasho, ndivyo ilivyokuwa. Dumu la lita kumi, jipya, kifuniko kimefungwa nusu. Dada wa kazi, binti wa miaka kumi na tisa kutoka kijiji kimoja huko Bunda, alikuwa anapimia mafuta ya kukaangia sato. Mtoto wa nyumba kapita mbio, dumu likaenda. Naona walau lita tatu zilikuwa zimeshatoka kabla hajaliinua. Zulia lenyewe la manyoya, la rangi ya maziwa, na mwenye nyumba hakukawia kutaja bei yake: laki mbili na nusu. Kabla mafuta hayajamaliza kusambaa hukumu ilikuwa imeshatoka, utalipa, nitakata kwenye mshahara.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Kelele zile ziliharibu zulia kuliko dumu lilivyoharibu. Angalieni kilichofuata. Binti kwa hofu akakimbilia ndoo ya maji na Omo, akamwaga, akaanza kusugua kwa nguvu zote kama anayesugua sufuria la ugali. Ukiwa na hofu unataka doa lipotee muda huo huo, kabla mama hajarudi kutoka chumbani. Wengine wanafanya vibaya zaidi, wanavuta meza juu ya doa au wanageuza zulia, na linakuja kugundulika baada ya wiki mbili kwa harufu. Mtu asiyeogopa kukatwa mshahara angeita, "Jamani njooni mnisaidie, mafuta yamemwagika," na watu wanne wangefanya kazi dakika kumi.

Kwa nini maji ni vibaya? Lita moja ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920, maji ni gramu 1,000, kwa hiyo mafuta yanaelea. Ukimwaga maji juu ya mafuta ambayo bado ni dimbwi, hayayayeyushi, yanayabeba. Doa lililokuwa la ukubwa wa sinia linakuwa la ukubwa wa mkeka. Maji ya moto ndo kabisa, yanayalainisha mafuta yashuke mpaka mgongoni mwa zulia, ambako kuna gundi ya mpira iliyoshika nyuzi. Mafuta yakikaa kwenye ile gundi yanailegeza, na ndiyo maana baada ya miezi unaona zulia linaachia manyoya na mgongo unabanduka. Tena mengi ya haya mazulia ya bei yetu ni nyuzi za plastiki, polipropilini au poliesta, na plastiki na mafuta ni ndugu, zinashikana.

Kwa hiyo kanuni ni moja, kausha kwanza, sabuni baadaye. Niwaambie tulivyofanya baada ya kumshika binti mkono na kumwambia, "Acha kwanza maji, dada, tulia." Akaniuliza, "Kaka, si bora niende tu nyumbani Bunda?" Nikamwambia aende dukani akalete unga wa muhogo, na mdogo wangu nikamtuma kwa seremala.

Jiko liwe limezimwa, hilo la kwanza kabisa, na watoto watoke maana sakafu yenye mafuta inavunja kiuno cha mtu. Halafu unachota. Ndiyo, kuchota, mafuta yakiwa mengi huanzi na kitambaa. Chukua sahani ya plastiki au kipande kigumu cha boksi, unakusanya kutoka nje ya doa kuelekea katikati, unatia kwenye bakuli. Ukianzia katikati kwenda nje unalitandaza. Kisha kanga kuukuu, unabandika na kukandamiza kwa kiganja au kusimamia kwa mguu, unainua, unageuza upande mkavu, unabandika tena. Usisugue. Kanga tatu zililowa kabla hatujaona nafuu, na kwa kuwa binti alikuwa ameshamwaga maji kazi ilikuwa mara mbili.

Baada ya hapo ndo unga. Mwaga mwingi, uzito wa kidole, uache saa kadhaa, ukiweza usiku kucha. Utaona unga unageuka rangi na kushikana kama mchanga mbichi, huo umeshiba, ufagie na umwage mwingine. Tulirudia mara tatu. Msisahau mgongo wa zulia na sakafu chini yake, kwa sababu mafuta mengi hayakai juu yakikusubiri, yanashuka. Ukisafisha juu tu, baada ya siku mbili doa linapanda tena na utadhani umerogwa.

Unga upi? Hapa kila mtu ana dini yake. Sisi watu wa Mara unga wa muhogo haukosekani, na ni mkavu na laini, unanyonya vizuri. Unga wa mahindi unafaa ila dona lina mafuta yake mwenyewe. Ngano inafaa, lakini ikiguswa na maji kabla hujaifagia yote inakuwa gundi ya kubandikia mabango ya uchaguzi, na ikibaki kwenye manyoya unawakaribisha sisimizi. Ile bekingi soda ya pakiti ndogo wanaisifia sana, na ni kweli inafaa, lakini kwa lita tatu za mafuta utanunua pakiti mpaka bumu liishe. Kwa mafuta mengi mfalme ni vumbi la mbao. Gereji wanalitumia kila siku kwenye oili, na kwa seremala mara nyingi ni bure. Liwe vumbi lile laini la msumeno, siyo maranda, na liwe la mti mweupe kama mpaina. La mninga lina rangi, likipata unyevu juu ya zulia jeupe utakuwa umebadilisha doa la mafuta kwa doa la chai.

Bibi yangu kule Butiama nilipomsimulia alicheka, yeye ana mkeka na sakafu ya saruji, na jibu lake kwa kila kitu ni majivu. Kwa sakafu namuunga mkono mia kwa mia, majivu makavu yanabeba mafuta vizuri mno. Kwenye zulia hapana. Yanaacha weusi, na yakikutana na maji yanakuwa makali kama magadi, yanakula rangi. Magadi yenyewe nayo wekeni mbali, hasa kama zulia ni la sufu.

Kuna na haya ya wajuaji. Mmoja alishauri mafuta ya taa, mwingine petroli, "Mafuta yanatolewa na mafuta mwenzie." Ndani ya nyumba yenye jiko la mkaa mlangoni! Achana na hatari ya moto, mafuta ya taa yanalegeza gundi ile ile ya mgongoni. Jiki haitoi mafuta, inatoa rangi, unabaki na doa lenye duara jeupe. Na wale wanaochanganya jiki na siki ili "iwe na nguvu," mchanganyiko ule unatoa hewa ya klorini yenye sumu, utakohoa mpaka ujute.

Sabuni inaingia mwishoni, vumbi likishaacha kubadilika rangi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili kwenye nusu ndoo ya maji ya uvuguvugu, jaribu kwanza pembeni pasipoonekana kama rangi inachuja. Sabuni upande mmoja inashika mafuta na upande mwingine inashika maji, ndiyo maana inayang'oa, lakini inataka muda. Paka povu kwa brashi laini, subiri dakika kumi, kandamiza kwa kitambaa, rudia. Halafu suuza kweli kweli. Watu wengi wanaishia kwenye povu, na sabuni iliyobaki inakamata vumbi, wiki ijayo doa ni jeusi na wanasema mafuta yamerudi. Mwisho lianikwe juu ya uzio, pande zote zipate upepo, lisikunjwe likiwa bichi.

Haraka ina maana pia kutegemea na mafuta gani. Mawese, yale yanayoganda asubuhi za baridi, yakishaganda yakwangue kwa kijiko kabla ya yote, usiyapashe moto. Alizeti na ya mbegu za pamba, na Bunda ni nchi ya pamba kwa hiyo haya mnayajua, yana tabia nyingine, yakikaa na hewa yanageuka njano na kunata kama gundi. Siku ya kwanza ni kazi ya unga na sabuni, baada ya mwezi ni kazi ya kuomba Mungu. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayofanya matambara na vumbi la mbao lililolowa mafuta hayo lisirundikwe kwenye kiroba juani, maana linaweza kujipasha lenyewe mpaka likashika moto. Tandaza nje likauke, au lifukie.

Halafu ziwa. Musoma ukisema zulia chafu mtu wa pili anakwambia lipeleke ziwani, mnalitandika kwenye mawe, mnamwaga Omo, kazi imeisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita sitini kutoka kwenye maji ambazo shughuli za namna hii haziruhusiwi, lakini hata bila sheria, wewe maji ya bomba unafikiri yanatoka wapi? Musoma inakunywa ziwa hilo. Butiama ya bibi yangu nayo, mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama umechukua maji ziwani pale Mugango. Kulipeleka kwa wanaoosha magari sikatai, mpira wao una nguvu na unasuuza vizuri, ila lipeleke baada ya kulikausha kwa unga. Ukilipeleka lina dimbwi, wanalisukumia mafuta ndani kwa presha na unawalipa juu.

Matokeo yetu? Siku ya tatu zulia lilikuwa limebaki na kivuli upande mmoja, ukisimama dirishani unakiona, ukikaa kwenye kochi hukioni. Unga wa muhogo, sabuni na soda ya mdogo wangu aliyebeba kiroba kutoka kwa seremala havikufika elfu kumi na tano. Ukitaka kuongeza mafuta yaliyomwagika, ongeza. Hiyo ndiyo hasara. Laki mbili na nusu imetoka wapi?

Na hapa sheria ya nchi iko upande wangu, kwa hiyo msidhani ni maneno ya mwanafunzi aliyesoma semina moja ya haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazungumzia makato ya namna hii. Mwajiri hawezi kukata kwa sababu ya kitu kilichoharibika mpaka kithibitike kuwa ni kosa la mfanyakazi, na kimetokea akiwa kazini. Anatakiwa ampe maandishi yanayoeleza sababu, kiasi na jinsi alivyokipata. Ampe nafasi ya kubisha. Deni lisizidi hasara halisi iliyotokea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Sheria haikusema "isipokuwa dada wa kazi." Wengi wanadhani haiwahusu kwa sababu kazi inafanyika sebuleni na mwajiri anaitwa mama.

Piga hesabu uone. Agizo la mishahara lililoanza Januari 2023 liliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri, kutoka 40,000 ya mwaka 2013. Kwa mshahara wa 60,000, laki mbili na nusu ni zaidi ya miezi minne ya kuamka saa kumi na moja alfajiri bila kupata hata senti. Hata kwa robo inayoruhusiwa, yaani 15,000 kwa mwezi, ni mwezi wa kumi na saba ndo anamaliza, na hapo tumekubali kwamba mtoto aliyepita mbio hana kosa, kifuniko kilichofungwa nusu hakina kosa, na aliyeamua dumu likae juu ya zulia hana kosa. Mimi sikubali hata moja.

Najua mtakalosema, kuna dada zetu wazembe, wanavunja sahani kila wiki huku wanachati. Wapo. Na wapo mahausi boi, na wapo wanafunzi wa chuo waliounguza sufuria za wenzao chumbani na hawajawahi kulipa hata shilingi, na majina ninayo. Uzembe unaongelewa, unaonywa, na ikibidi unaandikwa kwenye karatasi kama sheria inavyotaka. Mwingine ataniambia, "Zulia ni lake mwenye nyumba, kivuli kimebaki, thamani imeshuka." Sawa, tuongelee kivuli. Zulia lilikuwa na miaka mitatu, lina alama ya pasi kwenye kona na limefunikwa nusu na kochi. Thamani yake siku ile kabla ya mafuta haikuwa ya dukani, na kivuli kimekula kipande tu cha hiyo iliyobaki. Mtu anayetaka fidia aanze hesabu yake hapo, na aianze baada ya kujaribu kusafisha, siyo kabla.

Mwisho wa mwezi binti alikatwa elfu ishirini. Hakuna karatasi, hakuna maelezo, aliambiwa tu, "Hii ni ya zulia, bado." Alinipigia nikiwa nimesharudi huku. Nimempa habari za CHODAWU, chama kinachohusika na wafanyakazi wa majumbani, na za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako malalamiko ya makato kama haya yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku sitini. Anachoogopa ni kwamba akienda atafukuzwa, na kwao Bunda wadogo zake wawili wanasubiri hela ya sare. Sijamlazimisha, siyo mimi ninayelala pale. Nimemwambia aandike tarehe na kiasi kwenye daftari, na apige picha zulia lilivyo sasa, mchana, kutoka dirishani na kutoka kwenye kochi. Picha ameshazituma. Siku ya kumi na tisa hii.